Karel Styblo, daktari aliyetaka kujua nani amepona

Mwezi uliopita mama mmoja alinikasirikia kliniki. Alikuwa amemleta mumewe kutoka kijiji kimoja nje ya mji wa Bariadi, mwanamume aliyekuwa akikohoa tangu pamba ilipovunwa. Makohozi yalipimwa, kifua kikuu kikaonekana, na majibu hayo mama aliyapokea kwa utulivu. Kilichomkera ni maswali. Muuguzi alitaka jina la kitongoji, jina la balozi, namba ya simu ya mgonjwa na ya jirani, jina la mtu atakayemwona akimeza dawa kila siku, na idadi ya watoto wanaolala nyumba hiyo pamoja na umri wao. Yote yakaandikwa kwenye daftari kubwa, mstari mmoja wenye safu nyingi. Mama akaniuliza kwa nini mumewe anahojiwa kama mwizi wa ng'ombe wakati amekuja kuomba dawa.

Swali lake lilikuwa la haki. Foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu kwa kifupi mno, na tangu siku hiyo linanisumbua. Jibu kamili ni maisha ya mtu mmoja aliyefariki mwaka 1998. Wengi wenu mnaotumia dawa za TB leo hamjawahi kumsikia, ingawa kwa wanaosimamia afya duniani jina lake ni kubwa, na kazi iliyompa jina hilo aliifanya hapa kwetu Tanzania. Aliitwa Karel Styblo.

Alizaliwa mwaka 1921 huko Vilémov, katika nchi iliyoitwa Czechoslovakia. Vita Kuu ya Pili ilimkuta kijana. Wanazi wa Ujerumani walimfunga katika kambi ya Mauthausen nchini Austria, mahali ambapo wafungwa walifanyishwa kazi kwenye machimbo ya mawe huku wakishindishwa njaa, na maelfu hawakutoka. Watu waliobanana usiku kucha ndani ya bweni lisilo na hewa, miili imekwisha kwa njaa: hayo ndiyo mazingira ambayo kifua kikuu hupenda, na wewe unayajua bila kufundishwa kama umewahi kulala kwenye chumba kimoja na mtu anayekohoa. Styblo alitoka hai, lakini alitoka na TB. Ilimchukua muda mrefu kitandani kupona.

Baadaye alisoma udaktari, akachagua ugonjwa uleule uliotaka kumuua. Mimi huwa nalikumbuka hilo ninapomfikiria. Wako madaktari wanaoujua ugonjwa kwa vitabu tu, nami kwa TB ni mmoja wao. Yeye alijua kuamka usiku shuka limelowa jasho, na alijua kuhesabu siku.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilianza mwaka 1960 katika wilaya ya Kolín, huko kwao. Wakati huo Ulaya ilikuwa na imani kubwa na picha za eksirei. Magari yenye mashine yalizunguka, watu wazima wote wakapigwa picha za kifua kila baada ya miaka michache, kwa matumaini kwamba ugonjwa utanaswa mapema kabla haujaenea. Styblo na wenzake walifuatilia wilaya nzima kwa miaka zaidi ya kumi, wakaona jambo ambalo halikuwafurahisha waliokuwa wamenunua mashine. Wengi wa wagonjwa wanaoambukiza wengine hawakunaswa na gari la eksirei. Walijitokeza katikati, kati ya mzunguko mmoja wa picha na mwingine, kwa sababu walikohoa, wakajisikia vibaya, wakaenda wenyewe kwa daktari.

Maana yake kwa nchi maskini ilikuwa kubwa. Mgonjwa wa hatari zaidi kwa jamii, yule mwenye vimelea vingi kwenye makohozi, mara nyingi atakuja mwenyewe zahanati. Kinachotakiwa ni kwamba akifika amkute mtu anayejua kusikiliza kikohozi, hadubini ya kupima makohozi isiwe mbali, na dawa ziwepo. Ndiyo maana hadi leo tunakuomba makohozi ukikohoa wiki mbili au zaidi, hata kama unadhani ni vumbi la kupura mtama.

Katikati ya miaka ya 1960 alihamia Uholanzi, akafanya kazi The Hague katika kitengo cha kuchunguza mwenendo wa TB duniani. Huko alikuwa mtu wa hesabu. Alikadiria kwamba mgonjwa mmoja mwenye vimelea kwenye makohozi, asipotibiwa, huambukiza watu kama kumi kwa mwaka. Hesabu nyingine ya wakati huo ilikuwa ya kutisha zaidi: wagonjwa wa namna hiyo wasipopata dawa, karibu nusu yao hufa ndani ya miaka mitano. Na hapa Styblo alisema jambo ambalo lilionekana ukatili, lakini ni kweli. Matibabu ya ovyo yanaweza kuwa mabaya kuliko kutotibu kabisa. Mgonjwa akipewa dawa kidogo, akapata nafuu, akaacha, hafi upesi wala haponi. Anaishi akikohoa miaka, akiambukiza mke, watoto, na wenzake kilabuni. Kwa hiyo swali la kumpima mganga si amegawa dozi ngapi. Swali ni wangapi kati ya walioanza wamemaliza na kupona.

Jaribu kuuliza swali hilo kwa ugonjwa mwingine wowote. Muulize mganga wa zahanati yenu, kati ya watu walioanza dawa za presha mwaka jana, wangapi presha yao imeshuka mpaka leo. Hata mimi nikiulizwa hivyo nitatazama chini. Kwa TB naweza kukujibu, na uwezo huo umetoka kwa Styblo na Watanzania waliofanya naye kazi.

Alifika kwetu kupitia Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu. Mwaka 1977 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, magonjwa mawili yakaunganishwa kwa sababu yote yanahitaji dawa kwa miezi mingi na ufuatiliaji uleule. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa Dk. Leader Stirling, daktari mpasuaji aliyetumikia hospitali za misheni kusini kwa miaka mingi. Nchi ilikuwa ikijenga zahanati vijijini kwa kasi. Dawa za TB zilikuwepo: sindano za streptomaisini mwanzoni, kisha vidonge, mwaka mzima. Lakini mwaka ni mrefu. Mkulima hupata nafuu mwezi wa pili, mvua zinaanza, jembe linamwita, sindano zinaisha. Wengi waliacha njiani.

Styblo hakuja na dawa mpya ya ajabu. Alikuja na utaratibu wa kazi, na utaratibu huo ulianza na mtu. Kila wilaya ingekuwa na mratibu mmoja wa kifua kikuu na ukoma, ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Mara nyingi hakuwa daktari mwenye shahada. Alifundishwa kusimamia: kuagiza dawa kabla hazijaisha, kukagua kazi ya maabara, kutembelea kila kituo kinachotibu, kuketi na muuguzi na kupitia rejista mstari kwa mstari. Juu yake alikuwepo mratibu wa mkoa anayemkagua yeye, na juu ya mkoa kitengo cha taifa, ambacho katika miaka ya 1980 kiliongozwa na Dk. H. J. Chum. Ili mtu huyo asikae ofisini alitakiwa awe na usafiri na mafuta. Utacheka, lakini mipango mingi mizuri ya afya imekufa kwa kukosa mafuta.

Fikiria wilaya ya Bariadi ya miaka ile, ikiwa bado mkoani Shinyanga na Itilima ikiwa bado ndani yake. Masika barabara za udongo mweusi zinageuka ugali. Mratibu anakwenda kituo cha mbali, anafungua rejista, anakuta mgonjwa wa mstari wa saba hajaonekana wiki tatu. Jina la kitongoji lipo, jina la balozi lipo. Anamtafuta. Bila majina hayo mstari wa saba ungebaki mtupu, na mtu yule angebaki nyumbani akikohoa.

Kila baada ya miezi mitatu wagonjwa wote walioandikishwa katika robo hiyo walihesabiwa kama kundi moja, kisha walifuatwa hadi mwisho. Kila mmoja alipaswa kuwa na jibu moja tu: amepona, amemaliza dozi, dawa zimeshindwa, amefariki, amepotea, au amehamia kituo kingine. Hapakuwa na safu ya kuandika sijui. Na jumla ya majibu ilitakiwa ilingane na jumla ya walioanza. Ujanja mwingi wa taarifa za afya unafia hapo, kwa sababu huwezi kujisifu kwa waliopona huku ukiwaficha waliopotea.

Styblo mwenyewe alirudi Tanzania mara nyingi na kuzunguka mikoani kuangalia rejista hizohizo. Mtaalamu wa kimataifa wa hadhi yake angeweza kubaki hotelini Dar es Salaam na kusomewa ripoti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifanya jambo lililopingwa na wataalamu wengi. Rifampisini, dawa yenye nguvu inayofupisha matibabu, ilikuwa ghali, na waliogopa kwamba ikitawanywa Afrika itatumiwa vibaya na usugu utazaliwa. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Jibu lake lilikuwa kwamba ipewe, lakini kwa miezi miwili ya mwanzo tu na kila kidonge kimezwe mbele ya mhudumu. Mara nyingi hiyo ilimaanisha kulazwa wodini. Baada ya hapo mgonjwa alirudi nyumbani na vidonge vingine kwa miezi sita. Miezi minane badala ya kumi na miwili. Familia zililipa gharama ya miezi ile miwili: mume wodini, mke barabarani na sufuria ya michembe kichwani. Lakini kati ya wagonjwa waliokuwa na vimelea kwenye makohozi, waliopona walikaribia 80 katika kila 100. Hakuna aliyetarajia kuona hivyo katika nchi yenye kipato kama chetu.

Wachumi walipopiga hesabu katika Tanzania, Malawi na Msumbiji, waliona kwamba kuokoa mwaka mmoja wa uhai wa mtu kwa njia hii kunagharimu dola chache tu za Marekani. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 1991. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ikaitaja tiba ya TB kati ya huduma za afya zenye faida kubwa kuliko gharama yake, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatangaza TB kuwa dharura ya dunia. Utaratibu wa kutoka wilaya za Tanzania ukapewa jina la kifupi, DOTS, ukaenezwa China, Vietnam na kwingineko. Nasi tukawa walimu. Kwa miaka mingi viongozi wa mipango ya TB kutoka nchi mbalimbali walikuja Arusha kwenye kozi ya kimataifa. Watu wenye vyeo na shahada waliketi kujifunza namna ya kujaza rejista, kukokotoa mahitaji ya dawa kwa robo mwaka, na kumkagua aliye chini yako bila kumdhalilisha. Mafunzo ya uongozi ya siku hizi huwa na maneno makubwa na picha nyingi ukutani. Ile ilikuwa na penseli na kifutio.

Sitaki uondoke ukidhani alikuwa malaika au kwamba kila alichofikiri kilitimia. Alitumaini kwamba wagonjwa wakiponywa wengi, maambukizi yatapungua mwaka hadi mwaka. Ndipo UKIMWI ukaja. Mwili ulioishiwa kinga haukuweza tena kuizuia TB iliyolala ndani yake. Wagonjwa walioandikishwa nchini walikuwa kama 12,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980; baada ya miaka 20 walizidi 60,000. Moja ya vidonge vya bei nafuu vya wakati ule, thiasetazoni, kiliwababua ngozi vibaya wagonjwa wenye virusi, wengine wakafa, ikabidi kiachwe. Rejista haikuweza kuzuia hayo. Iliweza tu kutuonyesha mapema kwamba jambo baya linatokea.

Kasoro nyingine inanigusa zaidi kwa kuwa natibu watoto. Utaratibu wa Styblo ulijengwa juu ya hadubini na makohozi, kwa sababu lengo lilikuwa kukata mnyororo wa maambukizi. Mtoto mdogo hatoi makohozi, anayameza. Hata yakipatikana, mara nyingi vimelea ni vichache, hadubini haivioni. Kwa hiyo kwa miaka mingi watoto hawakuhesabiwa sawasawa, na asiyehesabiwa hatafutwi. Wengi walitibiwa utapiamlo au kichomi, wakafa bila mtu kuandika TB mahali popote. Makosa hayo tumeyafanya sisi madaktari, na hayajaisha.

Kwa hiyo, mzazi, swali la watoto wanaolala nyumba moja na mgonjwa, lile lililomkera yule mama, lina uzito kuliko yote. Kama mtu mzima nyumbani kwako amegundulika na TB, walete watoto wote wapimwe hata kama wanacheza. Walio chini ya miaka mitano ndio walio hatarini zaidi. Mtoto wa TB si lazima akohoe sana: anaacha kuongezeka uzito, mstari wa kadi yake ya kliniki unalala au unashuka, homa haiishi, anakaa chini wenzake wakikimbia. Asipokutwa na ugonjwa anaweza kupewa dawa ya kinga. Akikutwa nao, zipo dawa za watoto zinazoyeyuka kwenye maji. Chanjo ya BCG aliyochomwa alipozaliwa humkinga zaidi na TB ile mbaya ya ubongo. Usiitegemee kuwa kinga ya kila kitu. Vipimo na dawa za TB katika vituo vya serikali ni bure.

Wewe mtu mzima unayetumia dawa, dozi ya kawaida sasa ni miezi sita, na huhitaji kulazwa kama zamani. Unachagua mwenyewe mtu wa nyumbani wa kukuona ukimeza. Mkojo kugeuka rangi ya machungwa ni rifampisini, usiogope. Macho yakiwa ya njano, au ukitapika kila unachokula, usingoje tarehe ya kliniki. Makohozi yatapimwa tena mwezi wa pili, wa tano na wa sita. Wengi hukataa kipimo cha mwisho kwa sababu hawakohoi tena, lakini bila hicho hatuwezi kuandika kwamba umepona.

Na kama unasafiri, sema. Simiyu watu wanahama: wafugaji wanafuata malisho, vijana wanakwenda Lamadi kwenye samaki au Mwanza kutafuta vibarua. Hakuna atakayekugombeza. Utapewa fomu ya uhamisho na dawa za njiani, na kituo kitakachokupokea kitaturudishia taarifa. Wanaotupotea wengi hawakukataa dawa. Waliondoka kimyakimya wakiona aibu kuaga.

Styblo alifariki Machi 1998, akiwa na miaka 76. Kila mwaka Umoja wa Kimataifa alioutumikia hutoa tuzo ya afya ya jamii yenye jina lake.

Yule mama alirudi juzi. Mumewe anaendelea vizuri, ameanza kunenepa. Watoto watatu walipimwa, mdogo wa miaka miwili ameanzishiwa dawa ya kinga. Kabla ya kuondoka alirudi mezani kwa muuguzi na kumwambia afute ile namba ya jirani, kwa kuwa jirani amebadilisha laini, na aandike mpya.